Maafikiano ya Naivasha yalivyoiacha Seneti ikipigania nafasi yake

MVUTANO kati ya Bunge la Kitaifa na Seneti kuhusu fedha za kaunti umekuwa jambo la kutarajiwa nchini Kenya kila mwaka mpya wa kifedha unapobisha hodi.

Mwaka 2019 maseneta walitaka kaunti zitengewe Sh335 bilioni, wabunge wakashikilia Sh310 bilioni, na baada ya miezi ya malumbano pande hizo zikakubaliana Sh316.5 bilioni. Mwaka 2024 wabunge walisimama kwenye Sh380 bilioni, maseneta wakang'ang'ania Sh400.1 bilioni, suluhu ikawa Sh387.4 bilioni. Mwaka 2025 Seneti ilidai Sh465 bilioni, wabunge wakasema Sh405 bilioni, na kamati ya upatanishi ikaibuka na Sh415 bilioni.

Anayezitazama nambari hizo kwa makini atatambua kwamba katika miaka hiyo yote mitatu, kiasi kilichoafikiwa kilikuwa karibu zaidi na kile cha wabunge kuliko cha maseneta.

Hilo halikutokea kwa sababu wabunge ni mahodari zaidi wa kujadiliana. Mizani yenyewe ilipinda tangu ilipotengenezwa, na waliyoipinda walikuwa wanasiasa waliokutana mjini Naivasha Januari 2010 kuikamilisha rasimu ya katiba. Kuielewa Seneti ya leo, sharti kurejelea yale yaliyokubaliwa hapo, na hata nyuma zaidi, kwenye Seneti ya kwanza ambayo Wakenya wengi wa leo hawakuwahi kuiona.

Katika mazungumzo ya Lancaster House jijini London, kati ya 1960 na 1963, vyama viwili vya Waafrika vilisimama kwenye ncha mbili. KANU, kilichokuwa na wafuasi wengi katika jamii kubwa, kilitaka serikali moja yenye nguvu. KADU, chini ya Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, kiliwakilisha jamii ndogo za Pwani, Bonde la Ufa na kwingineko zilizohofia kumezwa, hasa kuhusu ardhi. Kilidai majimbo.

Katiba ya uhuru ikawa mseto wa matakwa hayo. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na wabunge 117 waliochaguliwa katika maeneobunge, pamoja na 12 waliochaguliwa na wabunge wenzao. Kando yake kulikuwa na Seneti ya viti 41, kimoja kwa kila wilaya kati ya wilaya 40 na kimoja cha Nairobi. Katika nyumba ya kwanza idadi ya watu ndiyo iliyokuwa na uzito. Katika ya pili, wilaya yenye watu wachache ilikaa sawa na ile yenye watu wengi.

Kinga kubwa ya KADU ilikuwa katika masharti ya kuibadilisha katiba. Vifungu vya kawaida vilihitaji robo tatu ya kura katika nyumba zote mbili. Vile vilivyohusu majimbo na mambo mengine nyeti vilihitaji asilimia 90 ya maseneta. Kwa maneno mengine, maseneta watano tu wangeweza kuizuia serikali nzima.

Kwenye karatasi, hakuna Seneti nyingine iliyowahi kuwa na nguvu kama hizo nchini Kenya. Hata hivyo, haikudumu miaka minne.

Kasoro yake ilikuwa kwamba ilitegemea uaminifu wa chama kimoja. Baadhi ya maseneta wa KADU walipoanza kuvuka kwenda upande wa serikali, ukuta ulibomoka. Novemba 10, 1964, Ngala alitangaza kuvunjwa kwa chama hicho, na mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri. Mwaka uliofuata kiwango cha kura za kubadilisha katiba kikashushwa hadi asilimia 65.

Kilichobaki kilikuwa kuizika Seneti yenyewe, lakini hilo lilihitaji kura za maseneta, na hakuna mtu anayekubali kwa hiari kupoteza kazi. Mwafaka uliopatikana mwishoni mwa 1966 ulikuwa wa werevu wa kipekee. Maseneta hawangeenda nyumbani. Wangehamia katika nyumba ile nyingine. Maeneobunge mapya 41 yangeundwa, moja kwa kila seneta. Juu ya hayo, uhai wa Bunge ungeongezwa hadi 1970 badala ya kufikia kikomo 1968.

Maseneta waliipigia kura mauti ya Seneti. Jumla ya maeneobunge ikawa 158, nambari iliyodumu hadi miaka ya themanini. Moi, aliyekuwa miongoni mwa watetezi wakuu wa majimbo, aliteuliwa makamu wa rais Januari 1967, wakati huo huo ambapo nyumba iliyojengwa kwa ajili ya jamii ndogo ilikuwa ikifungwa milango.

Ni vyema kuikumbuka bei hiyo: viti 41 na muda wa ziada. Itajitokeza tena kwa sura nyingine.

Kwa zaidi ya miaka 40 Kenya ilitawaliwa kupitia bunge la nyumba moja. Katika kipindi hicho uwakilishi uliamuliwa na waliochora mipaka, na waliochora mipaka walitii aliyewateua. Maeneobunge yaliongezwa hadi 188 katika uchaguzi wa 1988, kisha 210 katika uchaguzi wa 1997. Tofauti kati yao zilikuwa kubwa kiasi kwamba kura ya mkazi wa baadhi ya mitaa ya Nairobi ilikuwa na uzito mdogo mno ikilinganishwa na ya mkazi wa eneo lenye watu wachache.

Kongamano la Katiba la Bomas, lililoongozwa na Prof Yash Pal Ghai, liliirejesha Seneti katika rasimu iliyopitishwa Machi 2004. Serikali ikaifanyia marekebisho rasimu hiyo, Seneti ikaondolewa, na Wakenya wakaikataa katiba hiyo katika kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005. Ingekuwa kutia chumvi kudai kwamba iliangushwa na suala la Seneti, kwani vita vilikuwa juu ya mamlaka ya rais. Hata hivyo, kuondolewa kwake kuliwathibitishia wengi kwamba ugatuzi ulikuwa umepakwa rangi tu.

Damu iliyomwagika baada ya uchaguzi wa 2007 ndiyo iliyowarudisha wanasiasa mezani. Kamati ya Wataalamu chini ya Bw Nzamba Kitonga ilichapisha rasimu yake Novemba 2009, yenye rais na waziri mkuu, na ngazi tatu za utawala: taifa, mikoa na kaunti. Rasimu ikapelekwa kwa kamati teule ya bunge iliyoongozwa na Bw Abdikadir Mohamed, na kamati hiyo ikaelekea Naivasha.

Huko, PNU ilitaka rais mwenye mamlaka kamili. ODM ilikuwa imepigania waziri mkuu mwenye nguvu na ugatuzi mpana. Siku chache zilitosha kubadilisha sura ya rasimu nzima. Waziri mkuu aliondolewa, mfumo wa urais ukakubaliwa. Ngazi ya mikoa ilitupwa, ikabaki ya kaunti pekee. Idadi ya kaunti ikawekwa 47, kwa kufuata wilaya zilizotambuliwa na sheria ya 1992 pamoja na Nairobi.

Idadi ya maeneobunge nayo ikapandishwa kutoka 210 hadi 290. Ongezeko hilo la viti 80 lilikuwa njia rahisi ya kuwaridhisha wote. Kaunti zenye watu wengi zingepata viti vipya bila kuyapokonya maeneo yenye watu wachache viti vyao vya zamani. Ili kuhakikisha hakuna anayelala na wasiwasi, kipengele cha mpito kilieleza kwamba ukaguzi wa kwanza wa mipaka haungefuta eneobunge lolote lililokuwapo. Maeneobunge 27 ambayo hayakuwa yametimiza idadi ya watu iliyohitajika yaliokolewa hivyo.

Swali gumu lilikuwa Seneti. Wabunge waliokuwa Naivasha walijua kwamba wengi wao wangerudi kuwania viti vya ubunge. Waliombwa kuunda nyumba ambayo ingewasimamia au kushindana nao. Hapakuwa na sababu ya kushangaa walipoiunda ikiwa dhaifu.

Seneti ilifungiwa katika masuala ya kaunti. Miswada ya fedha ingeanzia katika Bunge la Kitaifa pekee. Kuidhinisha mawaziri, Jaji Mkuu na makamishna wa tume huru kukabaki mikononi mwa wabunge. Hata katika miswada maalumu ya kaunti, Bunge la Kitaifa lilipewa nguvu ya kuyazima mapendekezo ya Seneti kwa thuluthi mbili ya kura.

Kwa hiyo Kenya ilichukua nusu ya mfano wa Marekani na kuiacha nusu nyingine. Julai 16, 1787, wajumbe mjini Philadelphia waliamua kwa kura za majimbo matano dhidi ya manne kwamba nyumba moja ifuate idadi ya watu na nyingine iyape majimbo yote viti sawa. Majimbo madogo yalitishia kuondoka, makubwa yakasalimu amri. (Mkutano huo huo ulikubali kila mtumwa ahesabiwe kama sehemu tatu kati ya tano za mtu wakati wa kugawa viti, ishara kwamba si kila maafikiano ni ya kuonewa fahari.) Lakini Wamarekani hawakuyapa majimbo madogo viti pekee. Waliipa Seneti mamlaka ya kuidhinisha mawaziri, majaji na mikataba ya kimataifa. Seneti ya Nairobi ilipewa usawa wa viti bila uzito wa namna hiyo.

Utaratibu wake wa kupiga kura unafanana zaidi na wa Afrika Kusini, ambako mikoa tisa hupiga kura moja moja katika Baraza la Kitaifa la Mikoa. Nchini Kenya, katika masuala ya kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja, inayopigwa na seneta aliyechaguliwa baada ya kushauriana na wenzake. Kura 24 kati ya 47 ndizo zinazopitisha hoja.

Uzito wa sheria hiyo huonekana mtu anapolinganisha kaunti. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 na Lamu 143,920. Nairobi ni zaidi ya mara 30 ya Lamu, lakini katika Seneti kila moja ina kura moja. Katika Bunge la Kitaifa, Nairobi ina maeneobunge 17 na Lamu mawili. Kiambu ina 12, Tana River matatu, Isiolo mawili.

Mwaka 2020 ndio ulioonyesha kinachoweza kufanywa na kura hizo 47. Seneti hupitisha kila baada ya miaka mitano mwongozo wa kugawanya fedha baina ya kaunti. Ule wa kwanza uliipa idadi ya watu asilimia 45 ya uzito, mgao sawa 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo nane na uwajibikaji katika matumizi mbili. Mwongozo wa tatu uliopendekezwa ungezidisha faida ya kaunti zenye watu wengi, kama Kiambu, Nairobi, Nakuru na Uasin Gishu, na kuzipunguzia nyingi za kaskazini na Pwani, zikiwemo Wajir, Mandera, Garissa, Marsabit, Kwale na Kilifi.

Waliounga mkono walikuwa na hoja isiyopuuzwa: mgonjwa wa Kiambu anahitaji dawa sawa na mgonjwa wa Wajir, na wagonjwa wa Kiambu ni wengi. Kauli ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja" ikavuma. Waliopinga nao walisema kaunti zilizosahaulika tangu enzi za mkoloni haziwezi kuambiwa leo kwamba kila mtu aanze mbio kwenye mstari mmoja, ilhali wenzao wamekwisha kukimbia nusu ya njia. Katika Wajir, hospitali moja huhudumia watu waliotawanyika kwenye eneo kubwa kuliko kaunti kadhaa za Mlima Kenya zikiwekwa pamoja, na barabara ya kufika huko haijengwi kwa kuhesabu vichwa.

Kikao kilifuatwa na kikao, kila kimoja kikiahirishwa bila mshindi. Agosti 17, 2020, maseneta watatu waliokuwa wakipinga mwongozo huo, Bw Cleophas Malala, Bw Steve Lelegwe na Bw Christopher Lang'at, walikamatwa na polisi siku ambayo kura ilitarajiwa. Hatua hiyo iliwakasirisha hata baadhi ya waliokuwa upande wa pili.

Septemba 17, 2020, mwafaka ulipatikana bila kura ya kupinga. Hakuna kaunti ingepoteza hata shilingi. Mwongozo mpya ungesubiri hadi mwaka uliofuata, na serikali kuu ikaahidi kuongeza fedha za kaunti hadi Sh370 bilioni.

Yafaa kusema waziwazi kilichotokea hapo. Suala hilo lingalipigiwa kura katika Bunge la Kitaifa, ambako viti hufuata zaidi idadi ya watu, kaunti za kaskazini na Pwani zingekuwa na wakati mgumu mno. Ni usawa wa kura katika Seneti uliowazuia wengi kuwashinda wachache kwa hesabu tu. Nyumba iliyodharauliwa Naivasha ilifanya kazi ambayo Ngala na wenzake waliitamani 1963.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba maseneta hawakuutatua mgogoro wenyewe. Waliuahirisha kwa kuongeza ukubwa wa chungu, na chungu hicho hujazwa na mlipa kodi. Wakati wakilumbana, kaunti zilikosa fedha, na waliotaabika walikuwa wahudumu wa afya na wafanyakazi wengine waliosubiri mishahara. Waliposhughulikia mwongozo wa nne mwaka 2025, walitumia mbinu iyo hiyo: kiasi cha Sh387.4 bilioni kiligawanywa kama zamani, na hesabu mpya ikahusu tu kilichozidi hapo.

Mgao baina ya kaunti ni uwanja ambamo Seneti husikika. Mgao kati ya serikali kuu na kaunti ni uwanja ambamo huzidiwa, ingawa katiba inazitaka nyumba zote mbili ziupitishe mswada huo.

Sababu ni kwamba nyumba hizo zikishindwa kuafikiana, mswada hupelekwa kwa kamati ya upatanishi yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila upande. Kamati ikishindwa kutoa mswada wa pamoja kwa siku 30, mswada hufa. Lakini ukifa, anayeumia kwanza ni kaunti, si serikali kuu. Mwaka 2019 Bunge la Kitaifa liliendelea kupitisha matumizi ya serikali kuu huku mzozo wa kaunti haujatatuliwa, na magavana wakaishia kuandamana jijini Nairobi. Mwenye njaa hawezi kususia chakula kwa muda mrefu kuliko aliyeshiba.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Katiba inasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini mapato hayo ni yale ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Wabunge wakichelewa kuidhinisha hesabu, asilimia hiyo hupigwa juu ya mapato ya miaka ya nyuma. Hata kinga ya kaunti imefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake umo katika nyumba nyingine.

Mwaka 2013, mwaka wa kwanza wa mfumo mpya, aliyekuwa Spika wa Bunge la Kitaifa, Bw Justin Muturi, aliuwasilisha mswada wa ugavi wa mapato kwa Rais Uhuru Kenyatta bila mchango wa Seneti kuzingatiwa, na ukatiwa saini. Spika wa Seneti, Bw Ekwee Ethuro, alikimbilia Mahakama ya Juu. Novemba 1, 2013, mahakama hiyo ilieleza kwamba Seneti ilistahili kushirikishwa. Somo halikushika. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilizibatilisha sheria 23 kwa sababu Bunge la Kitaifa lilizipitisha peke yake, ingawa Mahakama ya Rufaa ilirekebisha sehemu ya uamuzi huo mwaka uliofuata.

Kuna wawakilishi ambao maafikiano ya 2010 yaliwapa kiti na kuwanyima sauti kamili, nao ni wanawake. Bunge la Kitaifa lilitengewa viti 47 vya wawakilishi wa wanawake, mmoja kwa kila kaunti. Seneti ilipewa wanawake 16 wa kuteuliwa, pamoja na wawakilishi wawili wa vijana na wawili wa walemavu, ili kufikisha wajumbe 67 bila kumhesabu Spika.

Lakini katika masuala ya kaunti, ambayo ndiyo kazi kuu ya Seneti, maseneta wateule huwa sehemu ya ujumbe wa kaunti zao, na kura hupigwa na aliyechaguliwa. Uchaguzi wa 2013 haukumpa mwanamke hata mmoja kiti cha useneta cha kuchaguliwa. Kwa miaka mitano ya kwanza ya ugatuzi, kaunti zote 47 ziliongozwa na wanaume katika upigaji kura huo. Mwaka 2017 walichaguliwa wanawake watatu: Bi Susan Kihika, Bi Fatuma Dullo na Prof Margaret Kamar. Mwaka 2022 idadi ilikuwa tatu vilevile.

Katika nyumba hiyo nyingine, viti 47 havikutosha kutimiza kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia. Septemba 2020 aliyekuwa Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Kenyatta avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuitekeleza. Bunge halikuvunjwa.

Majaribio ya kuifanyia ukarabati nyumba hii yote yamepitia njia ile ya zamani, ya kumpa kila mtu kitu. Mpango wa BBI wa 2020 ulipendekeza maeneobunge mapya 70, ambapo 12 yangeenda Nairobi, na Seneti ya wajumbe 94, mwanamume na mwanamke kutoka kila kaunti. Kaunti zingeahidiwa angalau asilimia 35 ya mapato. Maeneo yenye watu wengi yangepata viti, yenye watu wachache yangepata fedha, wanawake wangepata kura. Mahakama Kuu iliuzima mpango huo Mei 2021, na Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala Machi 31, 2022.

Hazina ya maeneobunge, NG-CDF, nayo imekuwa chanzo cha vita baridi kati ya nyumba hizo. Mbunge anayejenga madarasa na kugawa basari hapendi seneta amuulize kazi hiyo ni ya nani. Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya hazina hiyo ya 2013, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha ile ya 2015, ikaipa hadi Juni 30, 2026.

Ndipo wabunge walipokumbuka kwamba wanaihitaji Seneti. Katika kuibadilisha katiba kupitia Bunge, nyumba hizi mbili ziko sawa: kila moja lazima itoe thuluthi mbili ya kura zake. Mswada uliopitishwa na Bunge la Kitaifa Julai 2025 haukutaka kuingiza hazina ya wabunge pekee katika katiba. Uliambatanisha hazina ya wawakilishi wa wanawake na, ya tatu, hazina ya Seneti ya kufuatilia matumizi ya kaunti. Wanaokumbuka viti 41 vya 1966 hawangekosa kuuona mfanano.

Kuna mahali pengine ambapo Seneti haiombi ruhusa kwa yeyote. Ndiyo mahakama ya kisiasa. Gavana wa Kiambu Ferdinand Waititu alitimuliwa Januari 2020, wa Nairobi Mike Sonko Desemba mwaka huo huo. Oktoba 17, 2024, baada ya Bunge la Kitaifa kupiga kura 281 dhidi ya 44, Seneti ilimpata Naibu Rais Rigathi Gachagua na hatia katika mashtaka matano kati ya 11, na kumng'oa mamlakani. Usiku huo, nyumba ambayo haiwezi kumwidhinisha hata waziri mmoja ilimwondoa mtu wa pili kwa cheo nchini.

Hesabu iliyo mezani sasa ni ya mipaka. Katiba inataka maeneobunge yakaguliwe kila baada ya miaka minane hadi 12, na muda huo uliisha Machi 2024 wakati tume ya uchaguzi IEBC haikuwa na makamishna. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025, uchaguzi wa 2027 ukiwa umekaribia.

Safari hii kinga ya 2010 haipo. Ilihusu ukaguzi wa kwanza tu. Kwa kutumia sensa ya 2019, wastani wa eneobunge ni takriban watu 164,000. Katiba huruhusu maeneo yenye watu waliotawanyika kupungua kwa hadi asilimia 40 chini ya wastani huo, yaani kama watu 98,000. Lamu Mashariki haikufikisha watu 25,000.

Idadi ya 290 imeandikwa katika katiba na haiwezi kuongezwa bila kuibadilisha. Naivasha walitatua tatizo kwa kuongeza viti 80. Anayechora mipaka sasa hana viti vya kuongeza. Nairobi au Kiambu ikipata kimoja, kuna mahali kitatoka. Kitakapotoka Lamu, Isiolo au Taita Taveta, wakazi wa huko watakuwa na mbunge mmoja pungufu katika nyumba yenye nguvu, na seneta wao yule yule mmoja katika nyumba ile nyingine.